Mkia wa Ujumbe

Jambo la kwanza lililomshtua Mzee Obedi Ndahani Jumamosi ile lilikuwa uongo, tena uongo uliorushwa dunia nzima kutoka sebuleni kwake.

"Umemwandikia nini huyu Mjapani?" alimuuliza bintiye.

"599, baba."

"Maana yake?"

"Maana yake nakupata vizuri kabisa."

"Humpati. Umemwomba arudie mara tatu, nimekaa hapa nahesabu."

Gladness alicheka bila kuondoa macho kwenye skrini. "Kila mtu anamtumia kila mtu 599, hata kama anampata kwa tabu. Ndiyo desturi ya mashindano."

Obedi alitikisa kichwa. Mtu mwingine angepuuza, lakini yeye alikuwa karani wa teleksi kwa miaka kumi na miwili, na kwa karani wa teleksi tarakimu si kitu cha kutupatupa kama maganda ya karanga.

Nyumba yao iko Ntyuka, kwenye mawe makubwa juu ya mji wa Dodoma. Gladness ni mhandisi wa mawasiliano, leseni ya redio ya ridhaa ni yake, na wazimu wa kukesha na kushinda mbele ya mashine ni wake pia. Waya wa antena aliufunga kutoka kwenye mnara wa tangi la maji hadi kwenye jiwe nyuma ya choo. Majirani walidhani ni kamba ya kuanikia nguo, na mmoja wao alianika kweli.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya teletaipu. Hapo watu hawasemi, wanaandikiana. Redio inageuza herufi kuwa milio miwili, mmoja wa juu na mwingine wa chini, na kompyuta ya upande wa pili inaigeuza ile milio kuwa herufi tena. Kila kituo kinampa mwenzake namba: wa kwanza unampa 001, wa pili 002, hivyohivyo mpaka muda uishe. Mmoja wenu akiikosea namba ya mwenzake hata kwa tarakimu moja, mazungumzo yale hayahesabiwi.

Asubuhi Gladness alikuwa amemwachia baba yake kiti ili akanywe chai, naye mzee, kwa vidole kumi ambavyo havijasahau kazi, akaufungua ujumbe uliotayarishwa na kuuongezea heshima kidogo. Aliona haya kumwomba mtu namba bila kumjulia hali. Akaandika HABARI ZA HUKO HAMJAMBO NYOTE, kisha namba, kisha KARIBUNI DODOMA. Vituo vitatu vilimsubiri amalize. Cha nne kilikimbia katikati ya karibuni.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimesalimia."

Gladness aliketi akafuta yote. Hakukasirika sana, lakini alimweleza kama mwanafunzi, kidole kikigonga skrini. "Ujumbe unaanza na mstari mpya, usije ukagandamana na takataka za mawimbi. Unafuata utambulisho wa kituo chake. 599 mara moja tu, kwa sababu hakuna anayeisoma. Namba yetu mara mbili, na katikati nafasi, usiweke kistari. Mwisho nafasi nyingine. Basi."

"Sasa namba mara mbili ya nini? Mnabana salamu halafu mnarudia namba! Hiyo ni kama kumnyima mgeni chakula ukamwekea vijiko viwili."

"Kwenye teleksi yenu hamkuwa mnarudia?"

"Kulikuwa na mkia," alisema Obedi. "Kule chini kabisa ya ujumbe mashine ilikuwa inachapa COL, halafu tarakimu tupu. Takataka za ofisi. Makarani wengine walipeleka karatasi na mkia wake, chafu hivyohivyo. Mimi nilikuwa naukata kwa rula. Karatasi zangu zilisifiwa jengo zima."

Gladness alimtazama kama anayetaka kuuliza jambo, lakini kituo kingine kikaita, akageukia kazi.

Kumbe mzee alipotaja karatasi zake alikuwa amejichoma mwenyewe. Ipo karatasi moja ambayo hakuikata, na hiyo ndiyo iliyomwondoa kwenye teleksi.

Ilikuwa mwaka tisini na moja. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, Nurdini wa Busi, kule Kondoa, alikuwa amepelekwa Dar es Salaam kutibiwa. Mkewe, Batuli, alikuwa Dodoma kwa kaka yake akingoja habari. Habari ikaja kwenye mashine ya Obedi, alasiri, herufi moja baada ya nyingine: Nurdini amefariki, mwili utafika kwa treni tarehe 19, upokelewe. Obedi aliichana karatasi kwenye mashine machozi yakimtoka, akatoka mbio hadi kwa Batuli, akamsomea na kumwachia mkononi. Siku hiyo hakukumbuka rula wala utaratibu. Batuli alirudi Busi kuandaa kaburi. Tarehe 19 yeye na ndugu wakaja stesheni ya Dodoma na lori, watu ishirini na sanda. Mwili ulikuwa umefika tarehe 15. Ulikaa siku mbili bila mtu wa kuuulizia, ukazikwa na wasamaria makaburi ya mjini, kati ya watu wasiojulikana, na mvua ya kwanza iliyonyesha ililaza vichuguu vyote vya makaburi yale, lake lisitambulike tena.

Nakala ya waliotuma ilisema 15. Obedi aliapa kwamba mashine yake ilichapa 19. Mkuu wake wa kazi alimcheka. Mashine haina pombe kichwani, alisema, wala haina machozi. Aliyekosea ni mwenye macho. Karatasi yenyewe, ambayo ingemtetea, alikuwa nayo Batuli, na Batuli hakumpa mtu yeyote. Alisema hana kaburi la mumewe, kaburi lake ndiyo hiyo karatasi. Obedi akahamishiwa stoo ya majalada mpaka akastaafu. Kwa muda wa miaka thelathini na minne Batuli hakumwita tena shemeji, wala hakuitikia salamu yake msibani au harusini. Obedi mwenyewe, miaka ilivyokwenda, alianza kuyashuku macho yake. Mtu akiambiwa kila siku kwamba ana kengeza, mwisho hujitazama kwenye kioo.

Yote hayo Gladness aliyajua nusunusu, kama watoto wanavyoyajua mambo yanayowanyamazisha wazazi.

Saa tisa alasiri, jua likiwa kali na upepo ukirusha vumbi mpaka ndani, Gladness alimwachia tena kiti. Safari hii mzee aliapa kutosalimia. Kituo cha Brazili kilijibu. Kwenye skrini, katikati ya herufi za ovyo zinazochapwa na kelele za angani, ukatokea mstari safi:

599 115 119

Obedi aliusoma. Akausoma tena. Mikono iliondoka kwenye vibonye yenyewe.

"Gladness."

"Naam."

"Gladness, njoo! Njoo uone, huyu mtu ametuma namba mbili!"

Gladness alikuja na kikombe mkononi, akachungulia. "Ah. Mawimbi hayo. Bonyeza kile cha kumwomba arudie."

"Ametuma mbili tofauti!"

"Hapana, baba. Katuma moja mara mbili. Moja imeharibika njiani." Akabonyeza mwenyewe. Baada ya sekunde chache Mbrazili alirudia: 115 115. "Umeona? 115. Andika tumwache aende."

Obedi hakuandika. Alikuwa amesimama, ameshika meza.

"Tano inageukaje kuwa tisa?" aliuliza. "Hakuna mtu aliyeigusa. Iko hewani."

"Kelele tu. Kila herufi ina sehemu tano, ipo au haipo, ipo au haipo. Radi ikipiga mahali, au..."

"Matundu!" alisema Obedi. "Matundu matano!"

Hilo alilijua kuliko bintiye. Teleksi yake ilikuwa na utepe wa karatasi unaotobolewa, na kila herufi ilikuwa na matundu yake. Alikuwa anausoma ule utepe kwa kidole, macho ameyafumba. Tano ni tundu moja, pembeni kabisa. Tisa ni tundu hilohilo na jirani yake. Alichukua kalamu, akachora nyuma ya bili ya maji, Gladness akamshikia karatasi. Tano: tundu moja. Tisa: mawili. Kelele ikiongeza tundu moja tu, mahali pake, tano inakuwa tisa, safi, bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba imeguswa.

"Na kwenye waya?" aliuliza. "Waya wa simu, wa kutoka Dar?"

"Kwenye waya pia. Tena zile za zamani, mvua, nguzo zimeanguka..." Ndipo Gladness alipomwona baba yake usoni. "Baba, kaa chini."

Mzee hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, akirudia neno moja, ilichapa, ilichapa, mashine ilichapa. Miaka thelathini na minne! Hakuwa kipofu, hakuwa mlevi, hakuwa mwongo. Alilia kwa sauti mbele ya mwanawe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika mkewe. Vituo viliita kwenye skrini na kuita tena, hakuna aliyevijibu, na mashindano ya Gladness yakaishia hapo.

Jumatatu Obedi alipanda basi la Kondoa. Mfukoni alikuwa na karatasi aliyochapiwa na bintiye, ile mistari miwili ya Mbrazili ikiwa imepigiwa wino mwekundu. Gladness alitaka kumsindikiza, akakataa. Njiani alijipangia maneno, akayapangua, akayapanga upya. Kondoa mjini akachukua pikipiki hadi Busi. Alipofika kwa Batuli alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu.

Batuli alikuwa uani anapepeta ulezi. Alikuwa amekonda, mgongo umeanza kupinda, lakini jicho lilikuwa lilelile.

"Hodi, shemeji. Asalaam aleikum."

Ungo ulisimama. Batuli hakuitikia. Akaendelea kupepeta.

"Sikuja kuomba kitu," alisema Obedi. "Nimekuja kukuonyesha kitu. Ukishakiona, ukinifukuza nitaondoka."

Alichuchumaa kwenye vumbi, akachora kwa kijiti. Tundu moja. Matundu mawili. Akamwonyesha mistari ya Mbrazili: hii ni namba moja, mtu mmoja, dakika moja; tazama ilivyogeuzwa na upepo. Alieleza kwa pupa, akachanganya, akaanza upya. Batuli hakusoma sana lakini tarakimu alizijua, maana ameuza ulezi na alizeti maisha yake yote. Alitazama michoro ile kwa muda mrefu. Kisha akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Alirudi na bati la biskuti. Ndani yake, chini ya kitambaa cheupe, ilikuwamo karatasi, imekunjwa mara nne na imekuwa ya njano kama jani la tumbaku. Hakumpa. Aliikunjua mwenyewe magotini pake, akaweka kidole.

"Hii ni tisa," alisema.

Obedi alitazama, na moyo ulimpasuka kwa furaha. TAREHE 19. Wino wa mashine, herufi za mashine, tisa ya mashine. Macho yake hayakuwa yamemdanganya.

"Hukuiandika wewe?"

"Wallahi, kama mnavyoapa ninyi. Iliandikwa na mashine. Njiani tano iliongezwa tundu."

Ndege walishuka kwenye ulezi uliomwagika, wala Batuli hakuwafukuza. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisikiliza, "Kwa hiyo nimekunyima salamu miaka yote hii kwa kosa la waya. Shemeji, nimekudhulumu."

Shemeji. Obedi alifunga macho. Hilo neno ndilo alilolifuata, na alikuwa tayari kufa bila kulisikia. Batuli alisimama kwenda jikoni kubandika chai, na kwa mara ya kwanza akamwachia karatasi mkononi.

Akaiangalia kwa mapenzi, kama mtu anayeangalia cheti chake cha kuzaliwa. Na kwa sababu juzi yake alikuwa amekaa siku nzima mbele ya ile skrini, ambako jicho likishaona namba ya kwanza hutafuta ya pili, jicho lake lilishuka lenyewe hadi chini kabisa ya karatasi. Mkia ulikuwapo. Hakuwa ameukata.

COL 15

Akadhani ni vumbi, akapangusa kwa kidole gumba. Kumi na tano. Ndipo ilipomrudia, wazi kabisa, sauti ya mkufunzi siku ya pili ya mafunzo: kila tarakimu iliyomo kwenye ujumbe inarudiwa chini, karani alinganishe, zikitofautiana aulize. Aulize! Kitufe cha kuuliza kilikuwa chini ya kidole chake. Dar ingemjibu ndani ya dakika mbili. Naye miaka kumi na miwili alikuwa akiikata mikia kwa rula na kusifiwa usafi.

Jikoni Batuli alikuwa anapuliza moto. Aliuliza kwa sauti, sauti nyepesi ambayo Obedi hakuwa ameisikia tangu Nurdini alipokuwa hai, "Unakunywa na tangawizi bado?"

"Ndiyo," alijibu.

Angeweza kuikunja. Hakuna mtu duniani aliyejua kusoma mkia ule isipokuwa yeye na makarani waliokwisha kufa. Batuli alikuwa ameishi nao miaka yote akidhani ni namba ya jalada. Kesho angerudi Ntyuka akiwa na shemeji yake, na jina lake, na kifo chema kinachomngojea. Aliikunja mara moja. Aliikunja mara ya pili. Aliogopa, aliogopa kuliko siku ya lori na sanda, na alijichukia kwa kuogopa.

Batuli alipotoka na birika, Obedi alikuwa ameikunjua tena.

"Batuli, kuna namba nyingine huku chini. Isome."

Akainama. "Moja. Tano." Akanyanyua uso. "Ni ya nini?"

"Ni tarehe. Waliirudia, ndio ulikuwa utaratibu, ili ya juu ikiharibika, ya chini imwambie karani. Nilitakiwa nizitazame zote mbili. Sikutazama. Nilitakiwa niulize. Sikuuliza. Mashine ilikosea, na mimi nilikosea kuliko mashine."

Birika lilibaki hewani mkononi mwa Batuli.

"Ilikuwapo humu?" alisema. "Kumi na tano ilikuwapo humu, kwenye bati langu?"

"Ilikuwapo."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Aliliweka birika chini, akakaa kwenye mchanga bila kutafuta kigoda. Alitazama mbele, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Tarehe kumi na tano sikuwa Busi," alisema. "Uliponisomea ile karatasi nililala kwa kaka, asubuhi ndiyo nikaenda kupanda lori la kurudi huku. Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya stesheni. Dereva alikuwa anangoja abiria wajae. Nilikaa juu ya magunia tangu asubuhi mpaka adhuhuri." Alishika kifua kwa mikono miwili. "Treni iliingia, Obedi. Niliisikia inapiga honi. Nikasema moyoni, bado siku nne, mume wangu atakuja na kama hii."

Obedi hakuweza kusema pole. Neno lenyewe lilikuwa dogo mno, lingemdhihaki. Alikaa hapo alipo, mikono magotini, akingoja afukuzwe kama alivyoahidi.

Batuli hakumfukuza. Alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akaweka kidole kwenye mkia.

"Nisomee," alisema.

"Kumi na tano."

"Rudia."

"Kumi na tano."

Akaikunja mara nne, akairudisha kwenye bati chini ya kitambaa cheupe, akafunika. Kisha akammiminia chai, akakisukuma kikombe mbele yake kwenye mchanga.

"Kunywa, Obedi," alisema.